Tangazo la Tatu Halikusomwa



Tunaandika kurasa hizi kwa sababu ya tangazo moja la ndoa. Lilisomwa Jumapili ya kwanza katika kigango kimoja cha mkoa wetu wa Singida, likasomwa Jumapili ya pili, na Jumapili ya tatu halikusomwa. Hakuna aliyeleta kizuizi. Bwana arusi hakuwa na mke mwingine, bibi arusi hakulazimishwa na mtu, mahari ilikuwa imekwisha kupokelewa, na mtoto wao wa kwanza alikuwa amebatizwa katika kigango hichohicho. Kilichotokea ni simu iliyopigwa kutoka Marekani. Baba wa kijana anaishi huko kwa hati ya ukaazi wa kudumu, ile ambayo watu huiita kadi ya kijani, naye alikuwa amemwombea mwanawe viza kama mtoto asiyeoa. Akaonya kwamba kijana akifunga ndoa, ombi lake litakufa. Basi wazee wa pande zote mbili wakamwendea katekista, wakamwomba aliweke tangazo kando kwa muda.

Shauri hili lilipofika mbele yetu tulikuta maoni mawili. Wapo viongozi wa walei waliosema kwamba familia imetenda kwa busara, kwani ndoa haiozi, nayo yaweza kufungwa mwaka wowote. Wapo waliokwenda mbali zaidi, wakashauri kwamba ndoa ifungwe kimyakimya, mashahidi wawe wawili tu, na jina lisiandikwe vitabuni mpaka kadi itakapopatikana. Sisi tunayapinga mashauri yote mawili. Tunajua kwamba kwa kusema hivyo tutaitwa maadui wa maendeleo ya vijana. Hata hivyo tutasema.

Tuanze na hesabu, kwa sababu wenzetu wanaotetea kungoja hudai kwamba hesabu iko upande wao.

Sheria ya uhamiaji ya Marekani huwapanga jamaa katika mafungu. Mke au mume wa raia wa nchi ile hana ukomo wa idadi ya viza kwa mwaka. Mke au mume wa mkaazi wa kudumu, ambaye bado si raia, yuko katika fungu lenye ukomo. Watoto wa mkaazi wa kudumu waliotimiza miaka 21 na ambao hawajaoa wala kuolewa wako katika fungu jingine lenye ukomo. Mafungu haya mawili hugawana viza 114,200 kwa mwaka, kiwango cha msingi, kwa dunia nzima. Na mtoto wa mkaazi wa kudumu aliyekwisha oa? Huyo hana fungu lolote. Siku anapofunga ndoa, ombi aliloombewa na babaye linafutika kana kwamba halikuandikwa. Hapo simu ile ilisema kweli, nasi hatutaki kuificha kweli hiyo. Ipo sheria inayomwadhibu mtu mzima kwa kosa la kuoa.

Sasa tuhesabu muda. Foleni ya watoto wakubwa wasiooa wa wakaazi wa kudumu imekuwa ikipita miaka mitano, na mara nyingi huizidi sana. Tuseme kijana wetu amengoja, ameitwa, amepata viza, amekwenda. Ameingia Marekani akiwa hana mke. Kisha arudi nyumbani kufunga ndoa, na baada ya ndoa amwombee mkewe kama mke wa mkaazi wa kudumu. Hapo inaanza foleni ya pili, tangu mwanzo, kwa kuwa mke aliyeolewa baada ya mume kupokea ukaazi hawezi kumfuata kwa ombi lile la kwanza. Asipotaka foleni hiyo ya pili, angoje awe raia, na kwa kawaida uraia huombwa baada ya miaka 5 ya ukaazi. Binti mwenye miaka 23 leo atakuwa amepita 30 kabla ya kuketi meza moja na mwanamume aliyemtolea mahari. Mtoto aliyebatizwa atakuwa amejua kusoma na kuandika.

Na tuongeze jambo ambalo watu wengi hawalijui. Sheria hiyohiyo yaweza kumpokea yule mtoto mdogo kama mtegemezi wa babaye na kumpa viza ya kwenda naye. Mama hapewi, kwa kuwa si mke. Baba na mtoto waondoke, aliyezaa abaki akipepeta alizeti. Huu ndio mpango unaoitwa busara.

Tena foleni yenyewe haina ahadi. Mwezi Desemba 2025 Rais wa Marekani alitoa tangazo lililoiingiza Tanzania katika orodha ya nchi ambazo raia wake wamewekewa vizuizi vya viza, zikiwamo viza za wahamiaji, kuanzia Januari 1, 2026. Mtu aliyeiahirisha ndoa yake kwa kuitegemea foleni ile aliamka siku moja akiwa hana viza wala mke.

Wapo watakaosema kwamba kijana wao hakuombewa na baba, bali alibahatika katika ile bahati nasibu ya viza ambayo Wamarekani waliianzisha kwa sheria yao ya mwaka 1990. Kwa hao hesabu ni nyingine, na inawageukia kabisa wanaoshauri kungoja. Katika bahati nasibu, mtu mwenye mke lazima amtaje mke wake katika fomu ya kwanza, hata kama mke huyo hakusudii kwenda. Asiyemtaja huharibu ombi zima. Anayeoa baada ya kujaza fomu na kabla ya kupewa viza aweza kumwongeza mkewe. Lakini viza za mwaka huo, ya mume na ya mke pia, lazima zitolewe kabla ya Septemba 30, siku mwaka wao wa serikali unapokwisha. Mume akienda peke yake, tarehe hiyo ikapita, mke hana tena nafasi katika bahati hiyo, bali anarudi katika foleni ile ya wake wa wakaazi wa kudumu. Kwa hiyo kijana aliyeambiwa na mjazaji wa fomu pale mjini kwamba "andika huna mke, mambo yawe mepesi" ameuziwa uongo kwa fedha zake mwenyewe. Hao wajazaji wa fomu wametuharibia familia nyingi. Tutawazungumzia siku nyingine, kwani wanastahili kijitabu chao peke yao.

Tuje kwenye shauri la pili, la ndoa ya kimyakimya.

Tunafahamu kwamba Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, katika kanuni ya 1130, inaruhusu ndoa iadhimishwe kwa siri. Lakini mwenye kuruhusu si katekista, wala si mwenyekiti wa walei, wala si paroko kwa utashi wake. Ni mamlaka ya jimbo, kwa sababu nzito na ya dharura. Na ndoa hiyo huandikwa katika kitabu maalumu kinachotunzwa katika hifadhi ya siri ya jimbo. Haijakuwa kamwe ndoa isiyoandikwa. Kuichukua kanuni iliyowekwa kwa ajili ya kuwasaidia watu wenye dhiki ya dhamiri na kuifanya chombo cha kumdanganya ofisa wa ubalozi ni kulidhalilisha Kanisa.

Wengine wamependekeza ndoa ya masharti: wafunge leo, ila iwe ndoa kamili pale kadi itakapotoka. Kanuni ya 1102 inajibu kwa maneno machache kwamba ndoa yenye sharti la jambo lijalo haifungwi kwa halali. Hakuna cha kujadili.

Na sheria ya nchi je? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka taarifa ya kusudio la ndoa itolewe siku 21 kabla, na inataka ndoa iandikishwe. Lakini sheria hiyohiyo inasema kwamba kutokuandikishwa peke yake hakuibatilishi ndoa. Maana yake ni nini? Ni kwamba kukificha cheti hakumfanyi mtu awe mseja. Amebaki kuwa mume, isipokuwa sasa ni mume anayedanganya. Sheria hiyo inakwenda mbele zaidi katika kifungu cha 160: mwanamume na mwanamke walioishi pamoja kwa miaka miwili au zaidi, wakajulikana kwa watu kuwa ni mume na mke, huchukuliwa kuwa ni wanandoa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Ndoa ya kimila nayo inatambuliwa. Wazee waliokaa wakala mahari, wakampeleka binti kwa ngoma na vigelegele, kisha wanamtuma kijana mbele ya wakili kuapa kwamba hajaoa, na wajiulize wanamtuma kuapa nini.

Akigunduliwa, Marekani haimrudishi tu mwisho wa foleni. Mtu aliyejaribu kupata viza kwa kuficha jambo la msingi kama ndoa yake aweza kufungiwa mlango kwa maisha yake yote, isipokuwa apewe msamaha ambao wachache huupata. Na aliyefunga ndoa ya uongo na raia wa huko ili apate hati (tunajua vijana wetu hushauriwa hivyo pia) huzuiwa kuombewa tena, hata na mke wa kweli atakayempata baadaye.

Tunasikia tayari sauti ikisema: Tume hii inakaa mahali pa raha, haijui njaa. La hasha. Tunaishi Singida. Tunajua mwaka ambao mvua haikunyesha, tunajua bei ya gunia la alizeti wakati wa mavuno na bei yake miezi minne baadaye, tunajua kijana aliyemaliza kidato cha nne anavyokaa kibarazani akiitazama barabara. Hatumlaumu mtu kwa kutaka kwenda. Papa Yohane XXIII, katika barua yake Pacem in Terris ya mwaka 1963, alifundisha kwamba binadamu ana haki ya kuhamia nchi nyingine pale penye sababu za haki. Tunalolikataa ni kwamba gharama ya safari ya mwanamume ilipwe na mwanamke aliyebaki.

Na gharama hiyo si mpya katika mkoa huu. Wakati wa ukoloni babu zetu waliandikishwa manamba, wakapelekwa katika mashamba ya mkonge ya Tanga na kwingineko. Mkataba ulikuwa wa muda, lakini wapo ambao hawakurudi. Bibi zetu walilima peke yao, wakazika wakwe zao peke yao, na hakuna kitabu cha serikali kilichoandika kwamba walikuwa wajane wa watu walio hai. Leo mkonge umegeuka kuwa ghala la mizigo au nyumba ya kulea wazee ng'ambo, na barua imegeuka kuwa ujumbe wa simu. Mwanamke anayengoja ni yuleyule, na safari hii hana hata jina la mke.

Hapa lazima tuwageukie wakubwa, kwa maana itakuwa dhuluma kumlaumu katekista na kuwaacha watunga sheria. Kiti Kitakatifu kilipotoa Hati ya Haki za Familia mwaka 1983, kilitamka katika kifungu cha 12 kwamba wafanyakazi waliohama wana haki ya kuona familia zao zikiunganishwa mapema iwezekanavyo. Linganisheni tamko hilo na sheria inayomwambia mwana, "Chagua kati ya baba yako na mke wako." Linganisheni pia na Uingereza, ambayo tangu Aprili 11, 2024 ilimtaka anayemleta mwenzi wake awe na kipato cha pauni 29,000 kwa mwaka, kutoka pauni 18,600 zilizowekwa mwaka 2012. Mnyonge anayefagia hospitali zao hana haki ya kulala nyumba moja na mkewe, mwenye mshahara mkubwa anayo. Nchi hizi hutufundisha kila mwaka juu ya haki za binadamu. Somo hili wamelisahau.

Lakini tusijipake mafuta. Nyumbani kwetu je?

Sheria ya Uraia ya Tanzania, Na. 6 ya mwaka 1995, iliweka katika kifungu cha 11 kwamba mwanamke aliyeolewa na raia wa Tanzania anastahili, wakati wowote wa uhai wa mumewe, kuomba na kupewa uraia wa kujiandikisha. Mwanamke. Haikusema mwenzi. Kijana wa Manyoni akioa Mkenya, mkewe ana njia hiyo. Dada yake akiolewa na Mkenya, mumewe hana njia hiyo, bali anapita njia ya wageni wote: awe amekaa nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na kabla ya hapo awe amekaa jumla ya miaka isiyopungua 7 ndani ya miaka 10. Katika miaka hiyo yote akae kwa vibali vyenye mwisho, vya kulipiwa na kuombewa upya, na kibali kikiisha kabla kingine hakijatoka, baba wa watoto wa Kitanzania ni mhalifu katika nyumba ya mkewe. Kwa hiyo familia hizo nazo hukaa zikipanga tarehe: tufunge ndoa kabla ya kibali kwisha au baada? Tuombe sasa au tungoje kazi mpya? Yale tunayoyashangaa kwa Wamarekani tunayatenda kwa binti zetu wenyewe.

Tanzania iliridhia mwaka 1985 Mkataba wa Kuondoa Aina Zote za Ubaguzi dhidi ya Wanawake, ambao kifungu chake cha 9 kinahusu haki sawa katika uraia. Mwaka 2000 neno jinsia liliongezwa katika ibara ya 13 ya Katiba, miongoni mwa misingi ambayo mtu haruhusiwi kubaguliwa kwayo. Mahakama Kuu, kwa hukumu ya Jaji Mwalusanya katika shauri la Ephrahim na Pastory, ilikwisha kukataa mwaka 1990 kwamba mila iwazuie wanawake kuuza ardhi ya ukoo kama wanaume. Majirani nao hawakukaa kimya. Botswana, Unity Dow, mwanasheria aliyeolewa na Mmarekani, aliishtaki serikali yake kwa sababu watoto wake walinyimwa uraia wa mama yao, na mwaka 1992 Mahakama ya Rufaa ikampa haki. Zimbabwe, mwaka 1994, Mahakama ya Juu iliamua katika shauri la Rattigan kwamba kumzuia mume mgeni asiishi nchini ni kuiingilia haki ya mkewe raia. Kenya iliandika katika Katiba yake ya mwaka 2010, ibara ya 15, kwamba mtu aliyekuwa katika ndoa na raia kwa miaka isiyopungua saba anastahili kuandikishwa kuwa raia, awe mume au mke.

Watetezi wa kifungu cha 11 husema kwamba wanaume wa nje watawatumia dada zetu ili wapate uraia. Labda wapo watakaojaribu. Lakini mwanamke wa nje hawezi kumtumia kaka yetu? Kama ni hofu ya ndoa za uongo, basi zichunguzwe ndoa zote kwa kipimo kimoja. Sheria inayomwogopa mgeni pale tu anapoolewa na binti haiulindi uraia. Inasema kwamba mwanamke humfuata mwanamume kama mzigo unavyomfuata mpagazi, basi.

Tunawaomba waheshimiwa wabunge wa mkoa huu, wa chama chochote, wakisome kifungu hicho na watuambie hadharani kama wanakitetea. Tunaziomba Halmashauri za Walei ziwaulize swali hilo kila wanapokuja kutuomba kura, kabla ya swali la barabara.

Kwa makatekista na viongozi wa vigango tunasema hivi. Tangazo la ndoa likikwisha kuanza kusomwa, lisisimamishwe kwa sababu ya simu ya mtu. Lisimamishwe kwa kizuizi au kwa neno la wachumba wenyewe, wote wawili, binti akiulizwa peke yake bila wazee kuwapo. Katika shauri tulilolitaja, binti hakuulizwa. Asiandike mtu yeyote tarehe ya ndoa isiyo ya kweli, wala kurudisha nyuma wala kupeleka mbele, hata kwa siku moja. Tumekwisha kuombwa hivyo, na aliyeomba alikuwa mtu mwema mwenye shida. Barua ya kuthibitisha useja isitolewe na kigango kwa mtu ambaye jumuiya yake inamjua kuwa na mke.

Na kwa familia yenye baba au mama ng'ambo, kabla ya kuiahirisha ndoa, mwandikieni mzee huyo swali moja: umekaa miaka mingapi kwa kadi hiyo, na kwa nini hujaomba uraia? Maana baba akiwa raia kwanza, mwana akioa baadaye, ombi halifi. Linahamia fungu la watoto waliooa wa raia, na katika fungu hilo mke na watoto huitwa pamoja naye. Foleni hiyo ni ndefu, hupita miaka kumi, hatumfichi mtu. Lakini wanaingoja wakiwa mume na mke, katika nyumba moja, wakilima shamba moja.

Swali hilo liliulizwa wiki iliyopita kwa niaba ya wale wawili. Baba amejibu kwamba amekaa miaka saba, na kwamba hakuwahi kuambiwa. Katekista ameombwa aanze upya matangazo, kuanzia la kwanza, mara binti atakapokuja mwenyewe kusema kwamba bado anataka.